John Huston: mwongozaji aliyefika Butiaba, na filamu ya matapeli iliyoonewa

Katika mitaa ya Kampala kama Kyebando, kaskazini mwa jiji, filamu haihitaji jengo la fahari ili ipate watazamaji. Kibanda chenye mabenchi, runinga, spika na kiingilio kidogo kinatosha. Humo filamu haitazamwi kimya. Veejay hushika kipaza sauti, akaifasiri kwa Kiganda, akaongeza utani wake na kuwabatiza wahusika majina ya mtaani. Watazamaji nao humtetea steringi na kumzomea adui, na filamu ikiisha hutoka wakiendelea kubishana: nani alimsaliti nani, fedha zimeishia mkononi mwa nani, na je, mwizi alistahili kukamatwa?

Vibanda hivyo vilipoenea jijini katika miaka ya 1990, mwongozaji wa Marekani John Huston alikuwa amekwisha kufariki dunia. Hata hivyo yeye ni miongoni mwa waongozaji wakubwa wachache wa Hollywood waliowahi kufanya kazi nchini Uganda. Mwaka 1951 alipiga sehemu ya filamu ya The African Queen huko Butiaba, kando ya Ziwa Albert, na kwenye maporomoko ya Murchison. Miaka miwili baadaye alitengeneza Beat the Devil, filamu ya uhalifu kuhusu genge la matapeli wanaotaka kujipatia kwa hila ardhi yenye madini ya urani katika Afrika Mashariki ya Waingereza.

Ile ya kwanza ilipendwa dunia nzima. Hii ya pili iliwachanganya watazamaji wake wa kwanza, ikamtia hasara aliyeigharimia, na hadi leo wapenzi wa sinema hawajakubaliana kama ni mzaha ulioharibika au ni kazi iliyoonewa. Anayetaka kuingia katika mabishano hayo hana budi kwanza kumjua mtu aliyeitengeneza.

Mtoto aliyekatazwa kukimbia

John Huston alizaliwa tarehe 5 Agosti 1906 katika mji mdogo wa Nevada, jimbo la Missouri. Baba yake, Walter Huston, mzaliwa wa Kanada, alikuwa mwigizaji wa majukwaani aliyehama kutoka mji hadi mji. Mama yake, Rhea Gore, alikuwa mwandishi wa magazeti. Ndoa yao ilivunjika John akiwa bado mdogo, naye akakulia safarini, leo yuko kwa mama, kesho kwa baba.

Kisha madaktari wakasema kwamba moyo wake umepanuka na figo zake zina maradhi. Mtoto akawekwa kitandani, akakatazwa kukimbia na kucheza. Kwa masimulizi yake mwenyewe ya baadaye, alichoka kusubiri kifo, akawa anatoroka usiku kwenda kuogelea mtoni na kuyaachia maji yamteremshe kwenye maporomoko. Hakufa. Ikabainika kwamba hakuwa mgonjwa kiasi kile kilichodhaniwa.

Baada ya hapo aliishi kama mtu anayelidai deni kutoka kwa kile kitanda. Akiwa kijana huko California aliacha shule, akacheza ndondi za ridhaa na kuvunjwa pua, akasomea uchoraji, akaenda Meksiko kupanda farasi, akaandika hadithi fupi na kufanikiwa kuzichapisha. Kila alichokigusa alikifanya kwa pupa, na mara nyingi alikiacha kabla hakijaiva. Tabia hiyo, ya kuthubutu kwanza na kufikiri baadaye, ndiyo iliyompa sifa na ndiyo iliyomletea aibu.

Aibu kubwa ilimfika mwaka 1933. Gari alilokuwa akiliendesha mjini Los Angeles lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara. Baraza la uchunguzi halikumtia hatiani, lakini magazeti yalimwandama na nafsi yake haikutulia. Aliondoka Marekani, akaishi London na Paris kwa shida, na kwa miaka kadhaa ilionekana kana kwamba mtoto wa mwigizaji maarufu asingefika popote.

Ndege bandia wa Malta

Aliporudi Hollywood alipata kazi ya kuandika miswada ya filamu katika kampuni ya Warner Bros. Alishiriki kuandika Jezebel ya mwaka 1938, kisha High Sierra na Sergeant York za mwaka 1941. Kampuni iliporidhika na kalamu yake, ikamruhusu aongoze filamu yake ya kwanza. Alichagua riwaya ya uhalifu ya Dashiell Hammett, The Maltese Falcon, ambayo kampuni hiyohiyo ilikuwa imekwisha kuigeuza filamu mara mbili katika miaka ya 1930 bila kuacha alama kubwa.

Huston alifanya jambo ambalo waliomtangulia hawakulifanya: aliiamini riwaya. Mazungumzo mengi aliyachukua kama yalivyo, kisha akachora kwa mkono wake kila onyesho kabla ya kamera kuwashwa. Nafasi ya mpelelezi ilikataliwa na George Raft, nyota wa wakati huo, ikamwangukia Humphrey Bogart. Filamu ilitoka mwaka 1941 na kuwainua wote wawili.

Kisa chake kinastahili kukumbukwa, kwa sababu Huston alikirudia maisha yake yote kwa sura tofauti. Kundi la watu wasioaminiana linamsaka sanamu wa ndege anayesadikiwa kupambwa kwa vito vya thamani isiyokadirika. Watu wanadanganywa, wengine wanauawa. Mwishowe sanamu anapatikana, anakwanguliwa kwa kisu, na chini ya rangi nyeusi hamna kito hata kimoja. Ni bandia.

Vita vya pili vya dunia vilipoifikia Marekani, Huston alijiunga na jeshi na kupiga filamu za habari. The Battle of San Pietro, kuhusu mapigano ya kijiji kimoja cha Italia, ilionyesha gharama ya vita kwa uwazi ambao wakuu wengi wa jeshi hawakuupenda. Let There Be Light ya mwaka 1946, kuhusu askari waliorudi wakiwa wamejeruhiwa akili, ilizuiwa isionyeshwe kwa umma hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Amani iliporejea, alikwenda Meksiko na kutengeneza The Treasure of the Sierra Madre, iliyotoka mwaka 1948. Wanaume watatu maskini wanachimba dhahabu mlimani, tamaa inawala mmoja baada ya mwingine, na mwishoni unga wa dhahabu unapeperushwa na upepo kama vumbi la barabarani. Mzee wa kundi anapoiona hasara hiyo, anaangua kicheko. Mzee huyo aliigizwa na Walter Huston. Baba na mwana walitunukiwa Oscar usiku mmoja: mwana kwa uongozaji na uandishi, baba kwa uigizaji. Walter alifariki mwaka 1950.

Mwaka huohuo Huston alitoa The Asphalt Jungle, kuhusu wezi wanaopanga kuvunja duka la vito. Alichobadilisha ni jicho la mtazamaji. Polisi walibaki pembeni. Wezi ndio waliopewa nyumba, wake, watoto wagonjwa na madeni. Mmoja wao anaota tu kurudi kwenye shamba la farasi la utotoni mwake. Filamu nyingi za wizi wa kupangwa zilizofuata, Marekani na Ulaya, zimekopa kitu kutoka hapo. Ndiyo maana jina la Huston lilipotajwa pamoja na neno uhalifu, watazamaji walitarajia giza, jasho na risasi.

Kongo, kisha Butiaba

Mwaka 1951 Huston alivuka kuja Afrika. The African Queen ilitokana na riwaya ya mwaka 1935 ya C. S. Forester, inayosimulia safari ya nahodha mlevi wa mashua kuukuu na dada mmisionari katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914. Lengo lao ni kuizamisha meli ya Kijerumani inayotawala ziwa. Nyuma ya hadithi hiyo kuna historia ambayo wakazi wa Kigoma wanaijua: meli ya Kijerumani Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika, iliyozamishwa na wenyewe mwaka 1916 isitekwe, ikaopolewa na Waingereza, na tangu mwaka 1927 ikaitwa Liemba.

Wazalishaji wangeweza kupiga filamu hiyo katika studio. Huston alikataa. Alitaka mto wa kweli, na pia, kama walivyojua waliomzunguka, alitaka kuwinda ndovu. Mwandishi Peter Viertel, aliyekuwa naye katika safari hiyo, baadaye aliandika riwaya kuhusu mwongozaji anayewaacha waigizaji wake wakisubiri huku yeye akifuata nyayo za ndovu. Ilitoka mwaka 1953, na kila aliyemjua Huston alimtambua.

Kazi ilianzia Kongo ya Wabelgiji, kwenye kijito cha Ruiki, katika kambi iliyojengwa msituni na vibarua Wakongo. Kamera za filamu za rangi za wakati ule zilikuwa nzito mno. Siafu waliivamia kambi, mashua ilizama ikabidi iopolewe kwa kamba na nguvu za mikono, na watu wakaugua tumbo na homa. Baadaye msafara ulihamia Uganda. Butiaba, iliyokuwa bandari yenye shughuli nyingi ya Ziwa Albert, ikawa kituo chao, na boti ya mvuke ya Lugard II ikawa malazi yao. Katharine Hepburn, mwigizaji mkuu wa kike, aliugua vibaya. Huston na Bogart walisalimika, na utani wa msafara ulikuwa kwamba wawili hao hawakunywa maji, walikunywa wiski.

Hapo Uganda ndipo habari ya kuzaliwa kwa binti yake Anjelica ilipomfikia. Mtoto alizaliwa California tarehe 8 Julai 1951. Simu ya maandishi ilipokewa katika posta ya Butiaba, kisha tarishi akaipeleka kwa miguu hadi walikokuwa wakipiga picha, kwenye maporomoko ya Murchison. Baba aliisoma, akaiweka mfukoni, akaendelea na kazi.

Filamu ilimpa Bogart Oscar yake ya pekee. Wapiga makasia, wapagazi, wapishi na mafundi wa Kongo na Uganda, ambao bila wao mashua isingetoka hata kwenye tope, hawamo katika orodha ya waliotajwa kwenye kioo.

Matapeli wanaosubiri meli

Hapo ndipo inapoingia Beat the Devil. Huston alikuwa amehamia Ayalandi, akiwa ameichoka hali ya kisiasa ya Hollywood, ambako tangu mwaka 1947 waandishi na waigizaji walikuwa wakiitwa mbele ya kamati ya bunge kuulizwa kuhusu ukomunisti. Yeye alikuwa miongoni mwa waliokwenda Washington kupinga mahojiano hayo. Huko Ayalandi aliishi rafiki yake, mwandishi wa habari Claud Cockburn, ambaye mwaka 1951 alikuwa amechapisha riwaya yenye jina la Beat the Devil kwa jina la bandia, James Helvick. Bogart alikubali kuigiza, na kampuni yake ya Santana ikatia fedha.

Mwanzoni mwa mwaka 1953 kundi lilikutana Ravello, mji ulio juu ya mwamba kusini mwa Italia, lakini mswada uliokuwapo haukumridhisha Huston. Aliutupa. Akamwita Truman Capote, mwandishi kijana wa miaka 28, na wawili hao wakawa wanaandika maonyesho siku baada ya siku, huku waigizaji wakisubiri kujua watasema nini. Kijana mmoja aliyekuwa akipiga kibao mbele ya kamera, Stephen Sondheim, baadaye angekuwa mtunzi mashuhuri wa tamthilia za muziki.

Kisa ni hiki. Matapeli wanne wamekwama katika bandari ya Italia wakisubiri meli mbovu iitwayo Nyanga itengenezwe. Mkuu wao ni Peterson, mnene mwenye adabu za kupindukia, aliyeigizwa na Robert Morley. Yumo Mjerumani anayejiita O'Hara, aliyeigizwa na Peter Lorre, na meja mfupi mwenye kisu anayemhusudu Hitler. Bogart ni Billy, mtu aliyefilisika anayewatumikia kwa sababu hana njia nyingine. Wanaelekea Afrika Mashariki ya Waingereza kununua ardhi yenye urani kabla serikali haijang'amua thamani yake, na afisa mmoja wa makoloni aliyekuwa akielekea kuwafichua amekwisha kuuawa London. Kati yao wanaingia mume na mke Waingereza, yeye akijigamba kwamba amerithi shamba la kahawa Afrika Mashariki, mkewe akiwa mwongo wa kupendeza asiyejua kunyamaza. Uongo wake mmoja unawafanya matapeli waamini kwamba mumewe naye anaifuata urani.

Kuanzia hapo kila mpango unaharibika. Meli inawashinda katikati ya bahari, wasafiri wanatua ufukweni mwa nchi ya Kiarabu na kukamatwa, wanarudishwa Italia, na matapeli wanatiwa pingu. Afrika Mashariki hawaioni. Anayefika ni yule Mwingereza waliyemdharau, na mwishoni inapokelewa simu yake ya maandishi: ardhi ya urani ni yake. Billy anaisoma na kuangua kicheko, kama alivyocheka mzee wa dhahabu kule Meksiko.

Walivyoipokea

Filamu ilionyeshwa Uingereza mwishoni mwa mwaka 1953 na Marekani mwaka 1954. Wahakiki wachache waliifurahia. Watazamaji wengi hawakuielewa. Walikuwa wamelipa kuona Huston na Bogart wa The Maltese Falcon, na Peter Lorre yuleyule, lakini katika filamu hii mauaji yalitokea mbali na kamera, mkuu wa majambazi alizungumza kama askofu, na hakuna aliyeonekana kuwa na hofu. Wengi walijiuliza kama wanapaswa kucheka au kusubiri hatari ianze. Bogart mwenyewe, aliyepoteza fedha, hakuficha kwamba haipendi. Alifariki mwaka 1957 bila kubadili msimamo.

Hakimiliki ya filamu hiyo nchini Marekani haikufanywa upya, ikawa mali ya umma. Yeyote aliweza kuinakili, na wengi walifanya hivyo kwa mikanda iliyochakaa, yenye picha hafifu na sauti ya kukwaruza. Kwa njia hiyo ya unyonge filamu ilipata maisha ya pili. Wanafunzi wa vyuo na vyama vya wapenzi wa sinema waliiona upya bila kutarajia The Maltese Falcon, wakacheka tangu dakika za mwanzo. Baadhi ya wahakiki waliiita filamu ya kwanza iliyofanya mzaha makusudi na aina yake yenyewe, na Mmarekani Roger Ebert akaiweka katika orodha yake ya filamu bora.

Wako wanaopinga hadi leo, na hoja zao si nyepesi. Wanasema filamu imelegea katikati, kwamba waigizaji wanaonekana kuburudika kuliko watazamaji, na kwamba mswada ulioandikwa usiku kwa ajili ya asubuhi hauwezi kufichwa. Wanaoitetea wanajibu kwamba ulegevu huo ndio maudhui yenyewe. Matapeli halisi hutumia muda mwingi wakisubiri, wakila kwa mkopo na kudanganyana, kuliko wakifyatua bastola.

Sauti iliyoongezwa

Kuna jambo moja katika mabishano hayo ambalo mtazamaji wa kibanda cha Kampala angelielewa upesi kuliko wengi. Waliokuwa na filamu mikononi walipoona kwamba watu wataipotea, waliifanyia mambo mawili. Waliipunguza, na wakaongeza msimulizi. Filamu iliyotoka inaanza na mwisho: matapeli wanapitishwa uwanjani wakiwa na pingu, bendi ikipiga, na sauti ya Bogart ikimweleza mtazamaji hawa ni nani. Baada ya hapo kisa kinarudi nyuma.

Kwa maneno mengine, filamu iliwekewa veejay. Tofauti ni kwamba veejay wa Kampala huongeza sauti yake ili kuileta filamu karibu na watu wake; hubishana nayo na kuicheka. Sauti ile ya mwaka 1954 iliongezwa kwa woga, na ikatoboa siri kabla ya wakati. Mtazamaji aliyekwisha kuona pingu katika dakika ya kwanza hana tena sababu ya kujiuliza kama genge litafika Afrika.

Mwaka 2016 kampuni ya Sony Pictures na taasisi ya The Film Foundation, iliyoanzishwa na mwongozaji Martin Scorsese, zilikamilisha ukarabati wa nakala ya awali. Sauti ya msimulizi iliondolewa, maonyesho yakarudi katika mpangilio wake, na dakika kadhaa zilizokatwa zikarejeshwa. Miaka zaidi ya sitini baada ya kutengenezwa, watazamaji waliweza kuihukumu filamu ambayo Huston aliipiga. Sehemu ya hukumu ya mwaka 1954, basi, ilitolewa dhidi ya kitu kingine.

Ardhi isiyoonekana

Kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki linabaki swali ambalo wahakiki wa Ulaya na Marekani hawakulitilia uzito. Katika filamu nzima, ardhi inayogombewa haionekani hata mara moja. Wenye ardhi hiyo hawana sura wala sauti. Ni mahali ambapo watu wa mbali wanapataja tu, kama jina kwenye hati.

Hali ya kweli wakati huo haikuwa ya kuchekesha. Nchini Kenya, hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, na damu ilimwagika kwa sababu ya ardhi. Uganda nayo ilitikisika tarehe 30 Novemba 1953, Gavana Andrew Cohen alipomwondoa Kabaka Mutesa wa Pili na kumpeleka uhamishoni Uingereza, baada ya mvutano kuhusu mustakabali wa Buganda na wazo la shirikisho la Afrika Mashariki. Upande wa pili wa maziwa, mgodi wa Shinkolobwe huko Katanga ulikuwa umetoa sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mabomu ya Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945. Urani ya Afrika haikuwa ndoto ya watunzi wa filamu.

Je, Huston aliwacheka Waafrika Mashariki? Ukiitazama filamu kwa makini, jibu ni hapana. Anaowacheka ni wale waliodhani kwamba bara zima linasubiri saini yao. Peterson na genge lake wanazungumza kwa lugha ya heshima, wanajali mavazi na adabu, na chini ya adabu hiyo wamekwisha kuua mtu. Huo ni mchoro mkali wa tabia ya kikoloni, uliotolewa wakati ambapo filamu nyingi za nchi za Magharibi zilikuwa zikiwasifu wawindaji na walowezi. Lakini ni kweli pia kwamba dhihaka hiyo inafanyika kati ya Wazungu wenyewe. Mwishoni ardhi inaangukia mkononi mwa Mwingereza, na kicheko cha Billy hakiulizi ilitoka mkononi mwa nani. Huston aliyelala Butiaba kwa wiki kadhaa, na kuopolewa mashua yake na watu ambao majina yao hayakuandikwa, angeweza kuuliza. Hakuuliza.

Miaka ya mwisho

Huston hakurudi nyuma kwa sababu ya filamu moja iliyoanguka. Alichukua uraia wa Ayalandi mwaka 1964, baadaye akahamia pwani ya Meksiko. Aliongoza filamu nzuri na mbaya kwa zamu: Moby Dick, The Misfits, Fat City, na The Man Who Would Be King ya mwaka 1975, kisa kingine cha wanaume wawili wanaofuata utajiri katika nchi za watu na kuupoteza wote. Mwaka 1974 aliigiza katika Chinatown ya Roman Polanski, akiwa tajiri anayeiba maji ya jiji zima na ardhi ya wakulima huku akitabasamu. Waliokuwa wameiona Beat the Devil wangeweza kumtambua ndugu wa Peterson, safari hii bila kicheko.

Mwaka 1985 alirudia kuchanganya uhalifu na mzaha katika Prizzi's Honor, kuhusu muuaji wa kukodiwa anayempenda mwanamke wa kazi hiyohiyo. Watazamaji wa wakati huo walielewa mara moja. Anjelica, yule aliyezaliwa baba yake akiwa Uganda, alipata Oscar, na familia ya Huston ikawa na tuzo hiyo katika vizazi vitatu. Mzaha uliokataliwa mwaka 1954 ulipigiwa makofi miaka thelathini baadaye, ukitoka mkononi mwa mtu yuleyule.

Sigara zilikuwa zimekwisha kuyaharibu mapafu yake. Filamu ya mwisho, The Dead, aliiongoza akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akisaidiwa na mtungi wa oksijeni. Alifariki tarehe 28 Agosti 1987 huko Middletown, jimbo la Rhode Island, akiwa na umri wa miaka 81.

Mashua iliyotumika katika The African Queen sasa iko Florida, ambako hubeba watalii. Butiaba haina tena bandari kubwa ya zamani, lakini ardhi ya wilaya yake ya Buliisa imeanza kutajwa tena katika hati za watu wa mbali. Mafuta yaligunduliwa kwa kiwango cha kibiashara katika bonde la Ziwa Albert mwaka 2006. Visima vya mradi wa Tilenga vimefika hadi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls, na bomba la kilomita 1,443 limepangwa kuyapeleka mafuta hayo kutoka Hoima hadi Tanga. Fidia ya mashamba imekuwa ikijadiliwa vijijini na mahakamani.

Mtazamaji wa leo akiitafuta Beat the Devil, ambayo si vigumu kuipata, ataona matapeli wanaochekesha kuhusu kitu kisichochekesha. Iwapo filamu hiyo ilionewa au la, kila mmoja ataamua mwenyewe. Ila anayeishi karibu na ardhi inayogombewa ana jambo la kuongeza katika mabishano hayo, ambalo wale wa London na New York hawakuweza kulijua: anajua kwamba meli ya Peterson ikiharibika, huja nyingine.